Gwaride la Tamarack

Tamarack, Lindahl
4 Februari 2019

Shoga yangu Ardis,

Pole na joto la Arizona, maana mimi huku nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole sivisikii.

Haya, kaa kitako. Leo asubuhi Duane meneja amepita duka kwa duka na karatasi mkononi, na hakuchukua muda, kwa sababu tumebaki maduka sita. Jengo zima la Tamarack linafungwa mwisho wa Mei. Alipofika kwangu akavua kofia kama mtu aliyekuja msibani. Nikamwambia, "Duane, vaa kofia yako, mimi sijafa." Alipoondoka nikajifungia chumba cha kujaribia nguo nikalia hadi pua ikaziba.

Ungeingia sasa hivi usingeamini ndipo hapa. Duka la viatu limekwenda, la muziki limekwenda, na kwenye lile duka kubwa la kona wamebaki wanasesere wawili, uchi, wanatazamana. Kumbuka Jumamosi za baada ya mavuno, Ardis! Watu wanatoka mashambani na familia nzima, wameoga, wamechana nywele, huwezi kupita kutoka kwangu hadi kwenye chemchemi ya katikati ya ukumbi bila kusalimiwa na nusu ya jimbo. Hawakuja kununua tu. Walikuja kuonana. Sasa chemchemi haina maji, wamepanda maua ya plastiki. Wazee wa matembezi ya asubuhi bado wanazunguka humu ndani na raba zao, wanasimama dirishani kwangu, wananisifia vitambaa, halafu wanatoa simu na kuwaagizia wajukuu zao magauni mtandaoni. Mbele yangu! Bila hata chembe ya haya.

Lakini sikiliza. Huu ndio msimu wangu wa mwisho wa magauni ya Gwaride la shule, na nataka uishe vizuri. Tangu nifungue duka hili, hakuna wasichana wawili wa shule moja waliowahi kutoka kwangu na gauni la aina moja. Binti akiingia namuuliza shule kabla sijamuuliza jina. Wewe ulikuwa unanicheka, unasema nina kichwa cha polisi. Cheka tu. Siku ya Gwaride mji mzima umekaa pale na kamera zake, majina yanaitwa, wawili wawili, msichana na mvulana wake, wanatoka kabla ya kwenda kwenye dansi, na hakuna binti wa Lindahl aliyewahi kutembea mbele ya watu akajiona mara mbili. Wengine wamejenga madaraja, mimi nimefanya hilo. Mwaka huu lisiharibike, basi, sitaki kingine.

Nakukumbuka nyuma ya pazia na pini zako mdomoni. Watu bado wanadhani mimi ndiye niliyekuwa nashona. Sijawahi kuwakatalia.

Wako,
Marlys


Mesa, Arizona
15 Februari 2019

Marlys mwizi wa sifa,

Usinipigie tena simu. Mwanangu Rodney ameninunulia moja yenye sauti kubwa, na ninachosikia ni mbwa anabweka ndani ya debe. Niandikie. Macho bado yangu.

Nimesoma habari ya Tamarack nikaiweka barua chini ya mto, nikaitoa tena asubuhi nione kama imebadilika. Haikubadilika. Nimeumia, shoga. Mikono yangu niliimalizia pale. Majirani zangu huku wananunua hadi dawa ya meno kwa kubonyeza, kijana analeta boksi, analitupa mlangoni, anakimbia kama ameiba. Hata jina lake hulijui. Nikiwaambia kwamba wewe ulikuwa unamtazama msichana akiwa bado mlangoni, unakwenda moja kwa moja kwenye gauni lake, wanadhani natia chumvi. Sitii. Sijaona jicho kama lako.

Sasa la maana. Mjukuu wangu Brynn anatembea Gwaride mwaka huu. Unajua mama yake, Carla wangu, alitembea na gauni la kwako, mimi nikampunguzia kiuno usiku wa kuamkia siku yenyewe kwa sababu alikuwa hali chakula kwa wasiwasi. Carla ametutoka, hayupo kumvalisha bintiye. Mimi kifua changu na baridi yenu hatupatani, daktari amekataa katakata. Dale ni baba mzuri lakini hajui gauni lina mbele na nyuma. Aliyebaki ni wewe.

Brynn ameniandikia kwamba ameshachukua gauni kwako. Nilifurahi hadi nikamkumbatia paka wa jirani. Ni rangi gani? Na wewe mbona umenyamaza, hukunitajia?

Ardis


Tamarack
21 Februari 2019

Mpendwa Brynn,

Nakuandikia barua kwa sababu hili si jambo la kuulizana mbele ya baba yako. Bibi yako anasema umechukua gauni kwangu. Mwanangu, mimi sijakuona dukani tangu ukiwa na meno ya mtoto.

Sijamwambia kitu. Nieleze tu kuna nini. Sing'ati, ingawa najua nina sura hiyo.

Marlys Dahl


Lindahl
24 Februari 2019

Bi. Marlys, shikamoo.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako ukiwa umefunga, maana uso kwa uso siwezi.

Ni kweli nimemdanganya bibi. Aliniuliza kwa hamu sana, nikaona nikisema hapana nitamvunja moyo. Gauni nililinunua kwenye simu, chumbani kwangu, mlango umefungwa.

Si kwamba nalidharau duka lako. Nikiwa darasa la saba nilikuja na rafiki yangu, dada yake alikuwa anajaribu gauni. Alisimama pale kwenye jukwaa lako lenye vioo vitatu, na watu wote wa ukumbini wakasimama kumtazama, wakampigia makofi. Alikuwa mwembamba, amependeza. Halafu mama mmoja akanigeukia akasema, "Na wewe zamu yako ikifika itabidi waongeze kitambaa." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umepiga magoti unapima, hukusikia. Toka siku hiyo nikasema mimi pale sipandi. Kwenye simu hakuna anayekuona. Unachagua, unabonyeza, basi.

Sasa limekuja. Halifungi kifuani, chini linaburuta, na wauzaji wako ng'ambo huko hawajibu. Hilo ningevumilia. Jana Kenzie Rohde amewaonyesha watu picha ya gauni lake, na ni hili hili. Kijani kilichokoza, mabega wazi, shanga kiunoni, mkia. Kenzie kanunua kwako. Kwa hiyo kwenye Gwaride watanitazama mimi, watamtazama yeye, na watasema Bi. Marlys mwaka wa mwisho kauza mawili. Nitakuwa nimekuharibia jina, na mimi ndiye nitakayeonekana kama nakala iliyovimba.

Naweza kutokwenda kabisa. Ila bibi anasubiri picha.

Tafadhali usimwambie.

Brynn


Tamarack
18 Machi 2019

Shoga yangu Ardis,

Rangi ya gauni la Brynn ni siri ya duka. Utaiona kwenye picha kama watu wengine. Usinisumbue. Jua tu kwamba mtoto ni mzuri, ana macho ya Carla, na anakuja kwangu kila Jumatano akitoka shule.

Kuna jambo jingine kabisa nataka ushauri, halihusiani. Nina mteja mmoja wa kule ng'ambo ya mto. Maskini kanunua gauni mtandaoni, limekuja limekunjwa kwenye kifuko cha plastiki kama samaki, na zipu yake ya plastiki, na mishono unaivuta inakucheka. Satini ya kijani. Linambana kifuani, linaburuta, lina mkia na shanga kiunoni. Nilimwambia achukue jingine kwangu, lakini tumefunga kuagiza, yaliyobaki rafuni yangeitosha sindano ya kushonea, si yeye. Fundi wa kule mjini Fargo amejaa hadi Juni.

Anataka lisifanane na linavyofanana sasa. Lisifanane hata kidogo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nauliza tu kwa kupenda kujua.

Na nikikuuliza uzi unaingiaje kwenye cherehani yako uliyoniachia, usicheke.

Marlys


Mesa
25 Machi 2019

Marlys,

Nimecheka hadi Rodney akaja kuona kama naumwa. Uzi unapita juu, kwenye ile ndoana, unashuka, unapanda, halafu ndiyo kwenye tundu la sindano. Miaka yote umeketi hatua tatu kutoka kwenye mashine ile!

Kwa huyo mteja wako wa ng'ambo ya mto, tena kwa vile unapenda tu kujua, sikiliza vizuri.

Mkia ndio uponyaji wake. Ukate. Mle utapata vipande viwili virefu vya kuingiza ubavuni, kutoka kwapani hadi nyongani, na kitakachobaki kitakupa mikono mifupi. Fumua shanga zote za kiunoni, usiache hata moja. Akishapata mikono na ubavu wake ukapumua, litakuwa gauni jingine, la mtu mwingine, na mwenye macho yake hatawaza lile la kwanza. Piga bandi kwanza, mishono ya muda kwa mkono, mvalishe, ndipo ushone. Ukianza na mashine nitakuja huko na kifua changu hiki hiki nikuchape.

Halafu mtazame mabega. Bega la kushoto la huyo binti liko chini kidogo kuliko la kulia? Kama liko chini, mkono wa kushoto uupandishe upana wa kidole, la sivyo gauni litakuwa linateleza na atatembea anajivuta vuta nguo.

Na umwambie kitu kimoja kutoka kwangu. Kuongeza kitambaa si aibu. Nusu ya wanawake wa Lindahl niliwaongezea kitambaa ubavuni, na wanaojifanya wembamba kuliko wote ndio niliowaongezea zaidi. Sitaji majina, lakini mke wa mchungaji anajijua.

Ardis


Tamarack
12 Aprili 2019

Ardis, wewe mchawi nini?

Bega la kushoto kweli liko chini! Nilipima mara mbili. Umeliona vipi kutoka Arizona? Nimempandishia mkono kama ulivyosema na gauni limekaa, halitelezi.

Lakini usidhani imekuwa rahisi. Mkono wa kwanza niliushona ndani nje. Wa pili niliushona ukafunga kabisa, hakuna pa kupitishia mkono, binti akaniuliza kwa adabu kama hiyo ndiyo mitindo ya mwaka huu. Juzi nikasimama kwenda mlangoni, nikaona gauni linanifuata. Nilikuwa nimelishona pamoja na sketi yangu. Tulicheka hadi wazee wa matembezi wakaja kuchungulia. Vidole vyangu vimejaa matundu. Jamani, na wewe ulifanya hivi kila siku, magauni mia, unaimba! Nilikuwa nakuletea kazi nakwambia "kidogo tu hapa, Ardis," kama mtu anayeomba chumvi. Sikujua nilichokuwa naomba. Nakuvulia kofia, mwenzangu, na nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Kuna kitu kimenichoma. Mteja huyu hapendi vioo. Siku ya kwanza aliingia anatazama sakafu. Nikateremsha mlango wa kukunja hadi nusu na kuvigeuza vile vioo vyangu vitatu ukutani. Mimi niliyejivunia vioo vile kuliko kitu chochote! Nilidhani kila binti anayepanda jukwaa lile anapanda mbinguni. Na wengi walipanda kweli, usininyime hilo. Ila kuna waliokuwa wanapita mbali, wameinamisha kichwa, na mimi nimepiga magoti na futi yangu, sioni. Hao mtandao uliwafungulia mlango ambao mimi sikujua nimeufunga. Nimelala na hilo wiki nzima.

Jumatano iliyopita, nimeshapiga bandi ubavu wote, akavaa. Halafu akaenda mwenyewe, akageuza kioo kimoja. Kimoja tu. Akajitazama muda mrefu, nami nikajifanya natafuta mkasi.

Habari ya mji: theluji imevujisha paa la ukumbi wa shule, sakafu imeumuka kama mkate, Gwaride halina mahali. Wameuliza kanisani, padogo. Wameuliza mtandaoni, sijui, huko hawana ukumbi. Mwishowe wamekuja kwa Duane wamevua kofia wao. Gwaride litafanyika Tamarack! Watashuka ngazi za chemchemi na kupita mbele ya maduka hadi kwangu. Duane amenunua balbu mpya kwa mfuko wake. Anaosha sakafu mwenyewe.

Sasa niambie pindo. Nalimalizaje?

Marlys


Mesa
18 Aprili 2019

Marlys,

Pindo utalishona kwa mkono, mishono midogo, kila mmoja ushike uzi mmoja tu wa kitambaa ili nje usionekane. Polepole. Binti avae viatu atakavyovaa siku yenyewe, usipime kwa soksi.

Ukimaliza, chukua uzi wa buluu. Najua gauni ni la kijani, usinibishie. Ndani ya pindo, upande wa kushoto, karibu na mshono wa ubavu, piga mishono mitatu ya buluu, mmoja juu ya mwingine. Kazi yake ni kuzuia pindo lisigeuke. Usisahau, na usinipe maelezo.

Na Brynn je? Bado siri ya duka?

Ardis


Tamarack
6 Mei 2019

Ardis wangu,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia ngazini.

Mji mzima ulikuja. Magari yalijaa uwanjani hadi kwenye nyasi, kama zile Jumamosi zetu. Watu walikaa pande zote mbili za ukumbi, mbele ya maduka matupu, na Duane alikuwa amewasha taa za yote, hata yale yasiyo na kitu, ili pasiwe na giza hata pembe moja. Wanawake niliowavalisha zamani walikuwa wananishika mkono, "Marlys, langu lilikuwa la pichi, unakumbuka?" Nakumbuka. Yote nayakumbuka. Na kwa saa ile moja Tamarack ilikuwa Tamarack, Ardis. Nimeiona tena, nimeshiba.

Kenzie Rohde akaitwa, akashuka na kijani chake, mabega wazi, shanga zinawaka. Makofi. Nikashika kiti. Halafu likaitwa jina la Brynn, na jina la yule mtoto wa kina Olson mwenye miguu mirefu.

Alishuka taratibu. Mikono ile niliyohangaika nayo imekaa, ubavu umekaa, pindo linagusa kiatu na kuachia. Hakutazama sakafu. Akapita mbele ya dirisha langu, vioo vyote vitatu nimevigeuza vinatazama nje, na akasimama. Akajiona mara tatu kwa mpigo, akatabasamu, akaendelea. Bibi yake Kenzie alikuwa pembeni yangu. Akaniinamia akasema, "Kijani kimependwa mwaka huu, lakini kila mtu na lake. Hujawahi kukosea, Marlys."

Sasa naungama. Hakuna mteja wa ng'ambo ya mto. Lile gauni la kwenye kifuko lilikuwa la Brynn. Hakununua kwangu, alikudanganya kwa kukuonea huruma, na mimi nikakudanganya kwa kumsitiri yeye, na kwa kuogopa. Uliniambia aliyebaki ni mimi, nami nilikuwa na gauni bovu mezani na vidole visivyojua kazi. Usimgombeze. Nigombeze mimi.

Picha ni hii. Uzi wako wa buluu nimeuweka, ingawa sijui umezuia nini.

Wako,
Marlys


Mesa
14 Mei 2019

Marlys, mwongo wangu mpenzi,

Picha iko mbele yangu, imeegemezwa kwenye kikombe. Mkono wa kulia umeukunja kidogo kwenye kwapa. Mtu akijaribu kuunyoosha nitamkata vidole.

Nilijua. Ulipoandika zipu ya plastiki nilijua halijatoka kwenye rafu zako hata kwa bahati mbaya, na wewe usingehangaika hivyo kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Nikakuuliza bega kwa makusudi. Bega hilo la kushoto ni la mama yangu, ni langu, lilikuwa la Carla. Uliponijibu kwamba liko chini niliweka barua mapajani nikakaa hivyo hivyo hadi Rodney akawasha taa. Kama ningesema, Brynn angeona aibu, wewe ungelia, na gauni lingebaki mezani. Nikaona bora nishone. Nimemshonea mjukuu wangu, Marlys, mshono kwa mshono, kwa mikono yako mibovu ile, na sijui nikulipe nini.

Uzi wa buluu haukuzuia chochote. Ni jina langu. Wewe jina lako lilikuwa juu ya mlango kwa taa, na ulilistahili, sikulionea wivu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikataka nami niwe na pangu. Mishono mitatu ya buluu, ndani ya pindo, kushoto, kila gauni lililopita mkononi mwangu. Sikumwambia mtu. Carla alitembea nayo. Sasa Brynn ametembea nayo. Wote wale waliokushika mkono juzi, walitembea nayo, na Tamarack hata wakiibomoa kesho imo kwenye makabati ya mji mzima.

Fanya hivi. Nenda chumbani kwako, fungua kabati, toa lile gauni la kijivu ulilovaa harusi ya binti yako, uliloniambia "kidogo tu hapa, Ardis." Geuza pindo.

Kisha niandikie.

Ardis